Ihumwa: Kodi ya miezi 6 ni mkopo, mpangaji adai usalama

MTUMISHI anayepangiwa kituo cha kazi katika Mji wa Serikali wa Mtumba, jijini Dodoma, hupewa ushauri ule ule na karibu kila anayemuuliza: katafute chumba Ihumwa, ni karibu na kodi yake haiumizi kama ya mjini. Ushauri huo si mbaya. Ila unapima umbali kutoka ofisini hadi kituo cha daladala tu, wakati mpangaji halali kituoni. Analala nyumbani, na kati ya lami na kitasa cha mlango wake kuna kipande cha njia ambacho hakuna dalali anayekitaja bei.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini soko la vyumba upande huu wa mashariki lilichangamka baada ya tangazo la Rais John Magufuli la Julai 2016, na zaidi baada ya Mji wa Serikali kuzinduliwa Aprili 2019. Ihumwa iko kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro, baada ya Nzuguni na kabla ya Mtumba, na mwanzoni watu wengi waliuita mji huo wa wizara Mji wa Serikali wa Ihumwa. Reli ya SGR nayo imepita, na barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 imepangwa kugusa Mtumba na bandari kavu ya Ihumwa. Mahali palipojulikana kwa nyumba za tembe na mashamba ya mtama pamegeuka soko la vyumba vya kupanga, na kama ilivyo kwa kila soko linalokua haraka, bidhaa imetangulia na huduma inafuata nyuma.

Tuanze na hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, msomaji aweke za kwake. Chumba cha kwanza kiko jirani na lami, kodi yake shilingi 100,000 kwa mwezi. Cha pili kiko ndani zaidi, shilingi 70,000. Kwa macho ya haraka cha pili kinaokoa 30,000. Lakini mpangaji wake akirudi jioni lazima apande bodaboda, kwa kuwa njia haina taa. Tuseme ni shilingi 1,000 kwa safari, kwa siku 22 za kazi: 22,000 zimekwenda. Asubuhi nayo akichelewa akapanda, inakuwa 44,000, na chumba cha 70,000 kimefika 114,000. Huyo amelipa zaidi ya mwenzake wa lami, na bado anaishi gizani.

Ni kweli kwamba saa za kazi serikalini huisha saa 9.30 alasiri, na kwa saa hiyo hata njia ya vichakani haina neno. Lakini Mtumba haina makarani peke yao. Kuna walinzi wa zamu, wafanya usafi, mafundi na vibarua wa majengo, mama lishe wanaofunga vyombo watu wakishaondoka, na kuna watumishi ambao msimu wa bajeti huwakuta ofisini hadi saa 2 usiku. Dodoma jua huzama kati ya saa 12.30 na saa 1 jioni, mwaka mzima. Kwa watu hao, giza ni sehemu ya kodi.

Kinachotofautisha Ihumwa na mitaa iliyojengeka zamani kama Kisasa au Area C ni mapagale. Wengi walionunua viwanja huku wanajenga kidogo kidogo, na wengine wako Dar es Salaam au mikoani. Nyumba imefika kwenye linta, ikasimama miaka 3, majani yakaota sebuleni. Pagale halina mtu wa kuuliza nani anapita, na ndimo mhuni anapomsubiri mtu anayerudi peke yake. Anayekagua chumba ahesabu mapagale kutoka kituoni hadi mlangoni kabla hajahesabu marumaru za chumbani. Ajihadhari pia na umbali wa macho: reli ya SGR imezungushiwa uzio na huvukwa kwenye vivuko vyake, hivyo nyumba inayoonekana ng'ambo pale inaweza kumzungusha mtembea kwa miguu njia ndefu asiyoitarajia.

Kipimo kizuri cha usalama wa mtaa, na hakigharimu senti, ni genge la nyanya. Pita saa 2 usiku uone magenge mangapi bado yamewasha taa. Mama anayeuza mchicha na dagaa hadi saa 3 hafanyi hivyo kwa ushujaa. Anafanya kwa kuwa wateja wanapita, na wateja wakipita kibaka anakosa nafasi. Mtaa ambao magenge yanafungwa saa 12 na nusu umekwisha kutoa taarifa yake. Madalali hupenda kuonyesha vyumba saa 5 asubuhi, na si kwa bahati.

Ndani ya uzio nako kuna mambo. Nyumba nyingi za kupanga zina mita moja ya LUKU kwa wapangaji wote, na hapo ndipo taa ya nje inapokufa. Kila mmoja anaona inamulika wengine, hakuna anayetaka uniti zake ziishie uani, hivyo ua unabaki giza ingawa balbu ipo. Choo kikiwa nje, ua huo ndio njia ya kwenda msalani usiku. Maji ni vivyo hivyo: yakiwa ya mgao na kutoka usiku, anayekwenda bombani na ndoo saa 5 mara nyingi ni mwanamke. Ukiuliza bei, uliza pia taa ya nje inalipiwa na nani na maji hutoka saa ngapi. (Shilingi za kodi ya jengo zinazokatwa kupitia LUKU tangu Agosti 2021 ni deni la mwenye nyumba, wapangaji wengi wanazilipa wakidhani ni umeme.)

Sasa tuje kwenye kodi ya mkupuo, ambako mpangaji anaumia zaidi na ambako pia ana nguvu asiyoijua. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6, wengine ya mwaka. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo muda wa malipo ni makubaliano ya pande mbili. Turudi kwenye chumba chetu cha 70,000. Miezi 6 ni 420,000, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, 70,000. Jumla 490,000. Mpangaji akivunjiwa mlango mwezi wa pili akaamua kuhama, na mwenye nyumba asirudishe kitu, ameishi miezi 2 kwa 490,000, yaani 245,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo angepata nafasi nzuri ya chumba na sebule penye geti na mlinzi. Angelipa miezi 3 tu, hasara ingekuwa 140,000 kwa mwezi: bado ni kubwa, lakini si ya kumzuia kuondoka. Hatari hasa ya kodi ya mbele iko hapo. Wengi hubaki kwenye nyumba wanayoiogopa kwa sababu fedha yao imo ndani.

Mwenye nyumba naye tumwelewe. Anayejenga vyumba 4 Ihumwa mara nyingi hana mkopo wa benki. Ameezeka viwili, na kodi ya wapangaji wa hivyo viwili ndiyo mabati ya vingine. Kwa lugha ya biashara, mpangaji anayelipa miezi 6 anamkopesha mwenye nyumba bila riba. Mkopeshaji yeyote huweka masharti, na mpangaji aweke yake. Riba yake iwe grili za dirisha, komeo la ndani, taa ya nje yenye mita yake au inayolipiwa na mwenye nyumba, na geti linalofungwa. Yaandikwe kwenye mkataba na tarehe ya kukamilika, pamoja na kifungu kwamba yasipofanyika au nyumba ikivunjwa, kodi iliyobaki inarudishwa kwa notisi ya mwezi mmoja. Mkataba ushuhudiwe ofisi ya serikali ya mtaa. Huko huko mpangaji ataulizia kama anayepokea kodi ndiye mwenye nyumba kweli, na kama ulinzi shirikishi unafanya kazi au ni michango tu inayokusanywa.

Asiyepata masharti hayo Ihumwa ana pa kwenda. Nzuguni ina stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai, watu hawakosekani hadi usiku, ingawa kelele zipo na wadokozi hawakai mbali na stendi yoyote. Iyumbu ina nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa na mpangilio wa mitaa unaoeleweka. Kisasa na Ilazo ziko mbali zaidi na Mtumba, nauli itapanda, lakini mitaa yake imekwisha kukaliwa. Mgeni asiye na ndugu Dodoma angefaa kulala gesti wiki moja na kuzunguka usiku kabla ya kumlipa mtu miezi 6.

Kwa wenye nyumba wa Ihumwa, hesabu ni rahisi zaidi. Vyumba vinaongezeka kila msimu na mpangaji anayeondoka kwa hofu huwasimulia wenzake ofisini. Chumba cha 70,000 kikikaa kitupu miezi 2, shilingi 140,000 zimepotea, na fedha hizo zinatosha kuweka komeo na kuwasha balbu ya uani kwa muda mrefu sana.