Kusoma Herufi Pana kwa Lugha ya C: Mashine Ihesabu Nini?

Mwanachuo anayejifunza kuandika programu za kompyuta katika lugha ya C huanza na amri ya getchar, ambayo husoma maandishi yanayoingizwa kwa kibodi. Wengi hudhani kwamba amri hiyo husoma herufi moja kila mara. Sivyo, husoma baiti moja.

Katika mfumo wa ASCII, wenye alama 128 tu, tofauti hiyo haionekani, kwa kuwa kila alama hutosha katika baiti moja. Lakini katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, alama moja huchukua baiti moja hadi nne. Tuchukue neno ng’ombe. Ritifaa iliyonyooka huchukua baiti moja, bali ile iliyopinda, ipendwayo na wachapaji, huchukua tatu. Programu ya getchar itahesabu 9. Na mtoto aliyehesabu alama 7 ataambiwa amekosa, ilhali amepata.

Dawa yake ni amri ya getwchar, iliyoingizwa katika kanuni rasmi za C mwaka 1995. Amri hii hukusanya baiti zinazohusika na kurudisha herufi pana moja. Yako masharti matatu:

(a) Programu ianze kwa setlocale(LC_ALL, ""), ili ifuate mazingira ya lugha yaliyowekwa katika kompyuta, nayo yawe ya UTF-8.

(b) Jibu la getwchar liwekwe katika aina ya wint_t, na usomaji ukome kwa WEOF, ambayo hurudi maandishi yanapokwisha au baiti zinapokuwa na kasoro.

(c) Amri hizi mbili zisichanganywe katika mkondo mmoja wa maandishi.

Sasa, tukiacha alama ya mwisho wa mstari, programu itajibu 7. Je, kazi imekwisha? La. Mwalimu wa kusoma humfundisha mtoto silabi mbili, ng’o na mbe, na mashine haizijui mpaka ielekezwe. Baiti 9, alama 7, silabi 2: kila hesabu ni sahihi kwa kizio chake. Hivyo basi, kabla ya kuikabidhi mashine usahihishaji, mwalimu hana budi kuamua kizio kinachopimwa na somo lake.

Zoezi: Hesabu neno ng’ambo kwa amri zote mbili, ukitumia kwanza ritifaa iliyonyooka, kisha iliyopinda. Eleza kwa nini kosa hujificha katika jaribio la kwanza.