Mbwa wa Wodini

Kwetu Moshi mbwa ni wa getini: anabweka, anapewa makombo, basi. Kule Enduimet, magharibi mwa Kilimanjaro, askari wa wanyamapori wamemtumia kufuata harufu ya majangili. Hapo kapanda cheo, ila bado ni mlinzi.

Jeshini amewahi kupewa kazi nyingine. Mwaka 1944, vitani New Guinea, Mmarekani Bill Wynne alilazwa kwa homa ya dengi. Wenzake wakamletea Smoky, kijibwa chake. Manesi wakampenda, wakawa wanampitisha na kwa majeruhi wengine. Inafanyaje kazi? Ukimpapasa mbwa, mapigo ya moyo yanatulia. Halafu yeye hakuulizi ulifanya nini vitani.

Babu yangu Kibosho, tangu bibi afariki, anaongea na Simba wake kuliko na sisi.