Usitupe ndizi zilizoiva kupindukia

NDIZI zinapojaa sokoni, wengi hununua chana nzima kwa bei nafuu. Baada ya siku chache maganda huwa meusi, nazo hutupwa pamoja na pesa zilizozinunua.

Hata hivyo, weusi wa ganda pekee si ishara ya kuoza. Ndizi inapoiva, wanga uliomo hugeuka sukari, ndiyo sababu huzidi kuwa tamu na laini. Itupe tu iwapo ina ukungu, inavuja maji au inanuka kama pombe.

Njia rahisi ya kuzitumia ni kupika chapati za maji. Ponda ndizi mbili, changanya na yai moja, kikombe kimoja cha unga wa ngano na maziwa hadi upate uji mwepesi, kisha kaanga kwa mafuta kidogo. Sukari haihitajiki. Waweza pia kukandia unga wa mandazi ndizi zilizopondwa, ukipunguza maji na sukari.

Ukikosa wakati wa kupika, zimenye kwanza, zikate vipande na uzigandishe kwenye friji. Zikigandishwa na maganda, kuzimenya huwa kibarua. Zilizoganda hufaa kusagwa pamoja na maziwa kwa kiamshakinywa cha watoto.