Kivuli cha Kukunja Kifungwacho Kitini

Mbunifu wa kivuli cha namna hii hufikiria jua kwanza, ilhali upepo ndio mwenye kusumbua. Na tutwae kitambaa cha mita 1 ya mraba, kilichosimamishwa wima kuzuia jua la jioni, kitovu chake mita 1.5 juu ya ardhi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde hukisukuma kwa kani ya takriban nyutoni 70. Momenti yake ni nyutoni-mita 105. Kiti cha kilo 5 chenye miguu iliyoachana sentimita 50 hupinga kwa 12.5 tu, kikikaliwa na mtu wa kilo 60, hupinga kwa 162. Hivyo kiti hupinduka mwenyewe anapoinuka! Bawaba sharti ikunjike kwa mkono mmoja, angali ameketi.