Palahala wa Miombo na Msimu wa Uwindaji

Palahala na korongo ni jamii ya swala wakubwa wa misitu ya miombo iliyoenea kusini mwa Usoke, wilayani Urambo, mkoani Tabora. Udongo wa miombo ni hafifu na nyasi zake hupoteza lishe mara zikikomaa, hivyo hata pasipo mwindaji makundi huwa machache na yaliyotawanyika. Palahala jike huzaa ndama mmoja tu kwa uzazi. Pengo likitokea halizibiki upesi.

Bunduki yenye kibali si chanzo kikuu cha pengo hilo. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulifyeka misitu ya Urambo. Tumbaku ikafuata, nayo hudai mashamba mapya pamoja na kuni za kukaushia majani. Mifugo imeingia porini. Mitego ya nyaya, isiyobagua dume na jike mwenye mimba, huua kimyakimya mwaka mzima.

Msimu wa uwindaji hufunguliwa Julai, mvua zikiwa zimekwisha, njia zinapitika na wanyama wanakaribia madimbwi ya mto Ugalla. Wakipungua, mgao wa vibali hupaswa kupunguzwa, na mwindaji huhangaika siku nyingi akitafuta dume aliyekomaa. Mwaka 2019 Pori la Akiba Ugalla, lililoanzishwa 1965, lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Humo msimu umefutika kabisa: watalii hupiga picha, si risasi, na uwindaji halali hubaki nje ya mipaka ya hifadhi.