Jina, Kitenzi na Nafsi katika Masimulizi ya Wanawake Wahamiaji wa Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Makala haya yanafafanua jinsi lugha inavyojenga utambulisho wa wanawake waliohamishwa kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 19 katika ukanda wa Karonga, uwanda wa Kyela na nyanda za juu za Mbozi. Biashara ya watumwa, ambayo Mlozi wa Karonga aliiendeleza hadi alipouawa mwaka 1895, iliwatenga wanawake wengi na koo zao. Nao mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka, hata baina ya Wanyakyusa na Wangonde ambao lugha zao ni ndugu.

Masimulizi mawili yanahusika. Yote yaliandikwa na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoraviani, yakachapishwa kwa Kijerumani, kisha yakachambuliwa na Marcia Wright (1993). Msimulizi wa kwanza anajulikana kwa majina matatu: Chisi, Ndjurisiye na Sichyajunga. Majina hayo yanaweza kuchukuliwa kuwa dalili ya nafsi iliyofutwa mara kwa mara. Hata hivyo, utumwa ulimvua mtu ukoo, na asiye na ukoo hana anayemwita mwana wala dada. Kwa hiyo, kila jina linaweza pia kusomwa kama uhusiano mpya uliopatikana, na msimulizi anayeyahifadhi yote matatu hakubali kuukana hata mmoja.

Msimulizi wa pili, Narwimba, alipofiwa na mumewe alimwomba yeye mwenyewe jamaa wa marehemu amchukue kuwa mke, ili apate ulinzi. Katika Kiswahili, mjane hurithiwa: kauli ya kutendwa humweka mahali pa mali. Narwimba anaitangulizia kauli hiyo kitenzi cha kutenda, *kuomba*, ambacho kiima chake ni yeye. Tegemezi na mtendaji wanakutana katika sentensi moja. Huo ndio utambulisho wa baina na baina.

Suala hili lina uzito katika uhakiki wa tawasifu ya Kiswahili, ambao aghalabu huanzia kwenye kazi zilizoandikwa na wahusika wenyewe, kama *Maisha Yangu* ya Shaaban Robert. Kigezo cha kalamu huwaacha nje wanawake waliosimulia kwa kinywa. Nacho kigezo cha tafsiri kinahitaji uangalifu: mfasiri atakayeandika tu kwamba Narwimba “alirithiwa” atakuwa sahihi kisarufi, lakini atakuwa ameliondoa ombi lake.