Kusinzisha, Kutia Ganzi na Nusukaputi

Miongoni mwa fomu tulizoletewa tuzipitie kabla ya kupigwa chapa, ilikuwamo moja ya ridhaa ya wazazi ambao watoto wao hupigwa picha za ndani ya mwili. Mfasiri aliandika: "Mtoto atalazwa kwa dawa ya kutuliza. Asile kitu saa 6 kabla ya kipimo." Sentensi hizo ni fupi, lakini zina makosa matatu, na la mwisho laweza kumdhuru mtoto.

Picha ya eksirei hupigwa kwa kitambo kidogo tu. Kipimo cha MRI, kitumiacho sumaku, aghalabu huchukua dakika 30 hadi 60 ndani ya tundu jembamba lenye kelele nyingi, na mtoto akijitikisa picha huharibika. Mchanga huweza kunyonyeshwa, akaviringishwa nguo, akalala mwenyewe. Mkubwa huelezwa akaelewa. Walio kati ya hao ndio hasa wanaohitaji dawa.

Nusukaputi ni neno lililokwisha kukomaa, ingawa wapo wanaolichukia kwa kuwa "kaputi" huwakumbusha mauti. Aliyepewa nusukaputi haamki hata akiumizwa, na mara nyingi pumzi yake husaidiwa. Ganzi hutiwa mahali pamoja, kama vile kwenye ufizi, na mgonjwa hubaki macho. Baina ya mambo hayo mawili iko hali ambayo mtoto husinzia, lakini akiitwa au akiguswa huitika, na hupumua mwenyewe. Hali hii wengi huiita "kutuliza". Hatuliafiki neno hilo, kwani dawa ya kutuliza maumivu imo karibu katika kila nyumba, na mzazi atadhani ni hiyo hiyo. Tunapendekeza kusinzisha, na nomino yake usinzishaji. Dawa ikizidi kumkolea, mtoto akawa haamki ila kwa taabu, na pumzi yake huenda ikapungua, tuseme usinzishaji mzito.

Mfasiri asidhani kwamba kuna ukuta baina ya daraja hizi. Kiasi kile kile cha dawa huweza kumsinzisha mtoto mmoja na kumzamisha mwingine, ndiyo sababu lazima awepo mtu mwenye ujuzi wa kusaidia pumzi. Fomu isilifiche jambo hilo kwa maneno ya kubembeleza.

Ama "atalazwa", mzazi ataelewa kitanda cha wodi, aje na shuka na chupa ya chai.

Kosa la tatu ni la saa. Asomaye "saa 6" huenda akaelewa adhuhuri, akampa mtoto chakula saa 5 asubuhi ilhali kipimo ni saa 7. Chakula kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni mtoto akiwa usingizini. Kanuni iliyozoeleka ni muda wa saa 6 kwa chakula chepesi na maziwa ya ng'ombe au ya kopo, saa 4 kwa maziwa ya mama, na saa 2 kwa maji matupu. Pia tumeona "vinywaji vyepesi" pahala pa maji matupu. Kwa mama wa kwetu uji mwepesi ni kinywaji chepesi, na chai ya maziwa vilevile. Vyote viwili havifai.

Fomu tuliirudisha ikisomeka hivi: "Mtoto atapewa dawa ya kumsinzisha. Kwa muda wa saa 6 kabla ya kipimo asile chakula, wala uji, wala asinywe maziwa. Anyonyaye aachishwe ziwa muda wa saa 4 kabla. Maji matupu aweza kunywa mpaka zibaki saa 2."